Bei ya Kwenye Hati

"Mama, hati yenu inasema milioni nne na nusu," alisema mshauri wa kodi, akausogezea kidole ule mstari ili Casilda auone. "Peseta milioni nne na nusu, kama euro elfu ishirini na saba. Hiyo ndiyo bei mliyonunulia."

Casilda aliinama kuutazama ule mstari kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Aliujua vizuri. Hati ile ilikuwa imekaa kabatini chini ya mashuka ya harusi tangu mwaka tisini na tisa, na kila alipoigusa akitafuta shuka aliona fahari kidogo, kwa sababu yeye, mshona viatu wa Elda, Hispania, ambaye wazazi wake hawakumwachia hata kijiko, alikuwa na fleti mbili katika jengo moja.

"Hiyo ni ya kwenye hati," alisema. "Bei yenyewe ilikuwa kumi na moja."

Mshauri aliitwa Maravillas. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya. Hakushtuka hata kidogo.

"Zilizobaki mlilipa taslimu."

"Kila mtu alilipa taslimu."

"Najua, mama. Hata baba yangu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Miaka ile ilikuwa vigumu kumpata mtu wa Elda aliyenunua nyumba akaandika bei yake yote. Iliandikwa nusu, au pungufu ya nusu, ili mnunuzi alipe kodi ndogo ya kununua na muuzaji naye apunguziwe ya kwake, na zilizosalia zikaja ndani ya bahasha. Mthibitishaji wa hati, bwana mmoja wa suti ya kijivu, aliwasomea mkataba mpaka mwisho, kisha akasimama akasema anakwenda kunawa mikono. Akafunga mlango nyuma yake. Hapo Casilda na Leandro wakamwaga noti mezani, muuzaji wao Evaristo akazihesabu mara mbili huku akilamba kidole, zikatiwa kwenye mfuko wa plastiki wa duka la nyama, ndipo mthibitishaji akarudi, mikono mikavu kabisa, akauliza kama wote wako tayari kusaini. Leandro aliisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi. Watu walicheka, maana kila mmoja alikuwa na ya kwake.

"Sasa nisikilize," Maravillas alisema. "Serikali inadai kodi kwenye faida. Faida ni bei mliyouzia mwaka jana, ukitoa bei mliyonunulia. Fleti mmeiuza euro laki moja na elfu kumi na mbili. Tukiandika bei ya kwenye hati, mnaonekana mmepata faida kubwa ajabu, na kodi yake inakaribia elfu kumi na nane. Tukiandika ile mliyolipa kweli, inashuka mpaka kwenye elfu tisa."

"Basi andika ile ya kweli."

"Wao wanaamini hati, mama. Hawaniamini mimi wala wewe."

Casilda aliuliza kuhusu matengenezo. Leandro aliweka bafu jipya, vigae nyumba nzima, madirisha mawili ya upande wa barabarani. Hayo, Maravillas alisema, yangeongezwa vizuri tu kwenye bei ya kununulia. Risiti ziko wapi? Hazikuwepo. Leandro alikuwa fundi vigae. Maisha yake yote alipoulizwa dukani kama anataka na risiti au bila risiti, alitaka bila, kwa kuwa bila ilikuwa nafuu.

"Kuna msamaha kwa mtu aliye katika hali ya mume wako," Maravillas aliendelea, "asiyeweza kufanya lolote bila kusaidiwa. Lakini ni kwa anayeuza nyumba anayoishi."

"Sisi tunaishi ghorofa ya kwanza. Tuliyouza ni ya pili, alikuwa anaishi mama mkwe."

"Najua."

"Ni ngazi chache tu kupanda."

"Najua, mama."

Tangu Leandro alipoanza kuugua, Casilda hakufikiria tena pesa kwa euro. Alizifikiria kwa usiku. Ugonjwa ule ulikuwa umemla misuli mmoja baada ya mwingine, ukamwachia akili nzima, na kila usiku alihitaji mtu wa kumgeuza, kumrekebishia kinyago cha mashine ya kupumulia, kumvuta makohozi kabla hayajamkaba. Manispaa ilileta mtu wa kumwogesha asubuhi, basi. Mchana Casilda alishona viatu nyumbani kwa malipo ya kila jozi na kumtazama. Usiku alikuja Obdulia wa ghorofa ya nne, kwa euro thelathini na tano. Fleti iliuzwa kwa ajili ya usiku huo. Na sasa elfu tisa hizo za ziada, Casilda alizikokotoa palepale kitini, zilikuwa usiku wa miezi minane.

"Hakuna njia?"

"Ipo moja." Maravillas alivuta karatasi ya benki ambayo Casilda alikuwa ameihangaikia kwa wiki mbili. "Hii inaonyesha kwamba asubuhi ile ile mlitoa milioni sita na nusu. Ni nzuri. Ila haisemi mlimpa nani. Mtafute aliyewauzia, aandike kwamba alizipokea, asaini, nami nitapigana nao. Siahidi kushinda, lakini nitapigana. Na mwambie asiogope. Miaka imepita mingi, yeye hawawezi kumdai tena."

"Haimgharimu kitu?"

"Haimgharimu kitu."

Casilda alitoka akiwa mwepesi. Evaristo alikuwa jirani yake. Dada yake Evaristo ndiye Obdulia.

* * *

"Nilikwambia," Leandro alisema. "Tulijiona wajanja."

Maneno yake yalitoka yakiwa yametafunika, na hakuna aliyeyaelewa siku hizo ila Casilda na Obdulia. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mahali alipoweza kuwaona watu wakiingia kwenye duka la mikate la ng'ambo. Casilda alimlisha supu nzito ya dengu, kijiko kimoja, anangoja ameze, kijiko kingine.

"Wewe ndiye uliyetaka milioni nne na nusu. Mimi nilisema tuandike sita."

"Muongo mkubwa. Ulisema nne."

"Nilisema nne?"

"Ulisema nne kamili, mthibitishaji akakataa. Akasema hata yeye ana haya."

Leandro alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi Casilda aweke bakuli chini amwinamishe mbele mpaka kipite. Kodi waliyookoa mwaka ule walinunulia jiko na friji. Friji ilikuwa bado inafanya kazi, ikikoroma kule jikoni.

"Kamwone Evaristo," Leandro alisema alipopata pumzi. "Atasaini. Nilimwekea vigae vya jikoni, na hajamaliza kunilipa mpaka leo."

"Nitamkumbusha?"

"Usimkumbushe. Mwache aone haya mwenyewe."

Mlango uligongwa. Obdulia aliingia na kandambili zake ndani ya mfuko, jua bado liko juu ya mapaa kwa kuwa ilikuwa Juni. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka sabini, mfupi, mabega mapana kama ya mpagazi. Alikuwa amefanya kazi ya kupangusa ngazi za watu Geneva zaidi ya nusu ya maisha yake, akarudi na pensheni ndogo na magoti mabovu. Hakuwa na nyumba. Alikaa kwa kaka yake, akimpikia.

"Haya, mume wangu wa usiku," alimwambia Leandro, akimpapasa shavu. "Umekula au umemsumbua mkeo?"

"Nimemsumbua."

"Vizuri. Hapo najua u mzima."

Casilda alimtazama akivaa kandambili, akamwonea huruma kwa yale magoti, na akafurahi moyoni kwamba kesho atamletea habari njema ya kazi ya miezi minane. Hakumwambia neno. Aliona ni adabu kuzungumza na kaka kwanza.

* * *

Evaristo alikuwa baa ya chini, meza ya mwisho, anacheza dhumna na wenzake watatu. Alikuwa na miaka themanini na moja, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi na dada yake. Mbele yake kulikuwa na glasi ya pombe ya anisi iliyochanganywa na maji. Alimwona Casilda akiingia, akainua kidole kumwashiria angoje, na mchezo ukaendelea. Casilda alisimama karibu na mashine ya sigara akiwa na mkoba kifuani. Mwenye baa alimuuliza kama anakunywa kitu. Akasema hapana, asante, kisha akaona aibu kusimama bure katika baa ya mtu, akaagiza kahawa ambayo hakuitaka.

Walipomaliza, Evaristo alimjia. "Leandro vipi?"

"Yuko. Bwana Evaristo, nimekuja kukuomba saini."

Alimweleza, kwa sauti ya chini, akirudia maneno ya Maravillas kama alivyoyakariri njiani: miaka imepita, hakuna wa kukudai, haikugharimu kitu. Evaristo alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Aliposikia milioni sita na nusu, kichwa kikasimama.

"Niandike nini?"

"Kwamba siku ile ulipokea milioni sita na nusu juu ya zile za kwenye hati. Basi."

"Siwezi."

"Hawawezi kukufanya kitu. Binti ameniambia. Kama unataka, twende naye akueleze mwenyewe."

"Sizungumzii serikali." Aligeuka kutazama meza ya dhumna, kisha akamshika Casilda kiwiko akamsogeza mpaka mlangoni, pale penye kelele za barabara. "Obdulia hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kuhusu ile bahasha."

Casilda alichukua muda kuelewa. Fleti ile ya ghorofa ya pili Evaristo na dada yake waliirithi kwa wazazi, nusu kwa nusu. Obdulia alikuwa Geneva, akampa kaka yake idhini ya kuuza kwa niaba yake. Jina lake lilisomwa siku ile, Casilda alilikumbuka, mthibitishaji alilitamka polepole: na bi Obdulia, asiyekuwepo.

"Ulimpa nusu ya ngapi?" aliuliza.

Evaristo alimpisha mtu aliyekuwa anaingia baa.

"Ulimpa nusu ya zile za kwenye hati."

"Nilikuwa na deni la duka. Mke wangu alikuwa mgonjwa. Nilisema nitamrudishia, mwaka ukaja na mwingine ukaja."

"Bwana Evaristo, anamgeuza mume wangu kila usiku kwa euro thelathini na tano. Na yale magoti."

"Najua anachofanya. Analala kwangu."

"Basi mwambie."

"Casilda, mtu wa umri wangu ananyolewa ndevu na dada yake. Ndiye ananikata kucha. Nikimwambia, nani anabaki na mimi?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Casilda alichukia kwamba alimhurumia. Kisha mzee akabadilika, akakaza taya. "Na msijifanye watakatifu. Nani aliyetaka bei iwe ndogo? Ni wewe. Ulikaa pale ukinibembeleza nikubali nne. Pesa mlizimwaga nyinyi mezani. Mlijua kuna mwenye nusu hayupo. Mliniuliza yake iko wapi?"

Hawakumuuliza. Walikuwa na haraka ya kwenda kunywa kwa furaha ya fleti.

Evaristo alitoa pochi, akachomoa noti nne za hamsini, akazikunja. "Chukua hizi, za dawa."

Wenzake wa dhumna walikuwa wanatazama. Casilda alimwacha na mkono umenyooka, akavuka barabara, na alipofika upande wa pili akakumbuka kwamba hajalipa kahawa. Akarudi. Akapita mbele yake, akalipa, akatoka tena bila kumtazama.

* * *

Jioni hiyo Obdulia alikuja na jambo lake tayari mdomoni. Katika jengo lile ngazi hazifichi siri. Mwanamke wa ghorofa ya tatu alikuwa amemwambia kwamba Casilda anasumbuliwa na watu wa kodi kwa sababu ya fleti.

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu? Mimi si nilikuwa mwenye nusu?" Alikuwa ameinama juu ya kitanda, mkono mmoja chini ya bega la Leandro, mwingine chini ya paja, anamgeuza kwa namna yake isiyomuumiza. "Waambie wanipigie mimi simu. Nitawaambia wazi: iliuzwa milioni nne na nusu, hakuna hata peseta zaidi. Kama wanadhani mliandika uongo, mimi ni shahidi."

Casilda alikuwa anakunja taulo. Aliendelea kuikunja.

"Nakumbuka kama jana," Obdulia alisema. "Evaristo alinipigia simu analia, maskini. Akasema soko ni bovu, hakuna anayetaka nyumba, ashukuriwe Leandro aliyekubali kuichukua. Nikapata milioni mbili na robo. Nilikuwa nataka kurudi, unajua? Nilikuwa nimemwambia bibi wa Geneva kwamba naacha kazi. Nilishapiga hesabu kwamba nusu yangu itanitosha kufungua kiduka cha nyuzi pale karibu na soko. Mbili na robo haikutosha. Nikamrudia yule bibi nikamwambia samahani, bado nipo. Nikapangusa ngazi zake miaka minane mingine." Aliweka mto kati ya magoti ya Leandro. "Lakini si kosa lenu. Nyinyi mlilipa mlichokuwa nacho. Haya, mume wangu, uko sawa hivyo?"

Leandro alimtazama mkewe juu ya bega la Obdulia. Hakuweza kugeuza shingo, lakini macho yalikuwa yake bado.

"Niko sawa," alisema.

Obdulia alikwenda jikoni kuchemsha maji. Casilda alikaa ukingoni mwa kitanda, mdomo karibu na sikio la mumewe, akamweleza yote ya baa kwa mnong'ono.

"Namwambia sasa hivi," alisema. "Naingia jikoni namwambia. Yeye mwenyewe anaweza kusaini, alikuwa mwenye nusu. Atamlazimisha kaka yake. Ni miezi minane, Leandro."

"Usimwambie."

"Kwa nini?"

Alipumua kwanza. Kila sentensi ilimgharimu sasa, na alizichagua.

"Tulihesabu pesa zake. Wewe na mimi. Nikazifanyia mzaha kwenye harusi za watu."

"Hatukujua."

"Hatukuuliza." Akapumzika. "Akijua, ataniinua kesho kwa mikono ile ile. Lakini ataniinua akijua. Siwezi, Casilda. Sina kitu kingine mwilini ila watu wanaponishika. Nataka anishike bila kunichukia. Nikishaondoka, mwambie. Siku hiyo hiyo kama unataka."

"Na usiku wote ule?"

"Usiku utapita."

Casilda alimchukia. Kwa muda wa maji kuchemka alimchukia kabisa, kwa kuwa yeye ndiye angebaki macho, yeye ndiye mwenye mgongo wa kushona viatu, na huyu mwanamume alikuwa anatumia usiku wa mkewe kama pesa isiyo yake. Kisha Obdulia akarudi na vikombe viwili vya chai ya mchaichai, akamkabidhi kimoja, akasema umechoka, mdogo wangu, nenda kalale. Casilda akaenda. Alilia ndani ya mto ili asisikike.

* * *

Aliahirisha mpaka wiki ya mwisho ya Juni. Alikutana na Evaristo ngazini mara kadhaa, mkate kwapani, na kila mara mzee aliuliza habari za Leandro, na kila mara alijibu yuko. Mara moja Evaristo alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu kingine. Alisema tu kwamba joto limezidi mwaka huu.

Maravillas aliandika milioni nne na nusu.

"Hakukubali?"

"Hakukubali."

"Naweza kumwandikia mimi, kwa barua ya ofisi. Wengine huogopa wakaandika."

"Hapana, binti. Acha."

Maravillas alimtazama kidogo, akaelewa kwamba kuna jambo, hakuuliza. Alimwambia anaweza kulipa kwa mafungu mawili, la pili Novemba. Alimpunguzia ada ya kazi yake bila kusema, na Casilda aliligundua hilo akiwa tayari barabarani, akasimama juani akaona uchungu kuhurumiwa na mtoto.

Jioni alimngoja Obdulia mlangoni ili Leandro asisikie. Leandro alisikia.

"Dada Obdulia, kodi imekuja kubwa. Siwezi kukulipa kila siku tena. Naweza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine nitakaa naye mwenyewe."

Obdulia aliishika mikono yake yote miwili. Hakukasirika, laiti angekasirika.

"Mgongo wako utakatika."

"Nitazoea."

"Ningekuja bure," Obdulia alisema. "Naapa ningekuja bure kila siku, ninavyompenda huyu mtu. Lakini ile siku nisiyokuja kwako itabidi nikakae na bibi mmoja wa barabara ya kanisani, anayelipa. Na pensheni yangu unaijua. Ningekuwa na kiduka changu, nisingechukua hata senti yako. Fleti ile ingeuzwa kwa bei ya haki, Casilda, leo nisingekuchukulia hata senti."

Casilda alisimama akiwa ameshikwa mikono. Alikuwa na maneno yote mdomoni, na kulikuwa na mtu chumbani asiyeweza kugeuza shingo, anayesikiliza. Akasema asante, dada.

* * *

Leandro alifariki mwezi Oktoba, Jumanne kuamkia Jumatano. Haikuwa siku ya Obdulia. Casilda alikuwa amemgeuza mara mbili, akamsafisha koo, akakaa kwenye kiti kando yake na mkono wake juu ya kifua chake ili amsikie, na usingizi ukamchukua. Alipozinduka, kulikuwa kumeshapambazuka, duka la mikate limefunguliwa, mkono wake bado uko palepale na kifua hakipandi. Daktari alisema huenda hakuhisi kitu. Alisema pia kwamba hata angekuwa macho, huenda isingebadilisha lolote. Casilda aliyasikia maneno yote mawili, na kati yake alilibakiza moja tu, huenda.

Watu walikuja kumuaga kwenye nyumba ya maiti ya mji, chumba chenye makochi ya ngozi bandia na kioo, na nyuma ya kioo jeneza lililo wazi na maua. Mafundi vigae walikuja kwa makundi, wakasimama bila kujua mikono waiweke wapi. Mmoja alianza kusimulia hadithi ya mthibitishaji aliyekwenda kunawa mikono, akafika katikati, akaona uso wa Casilda, akanyamaza. Maravillas alikuja wakati wa mapumziko yake, akambusu mashavu yote mawili, akaondoka. Obdulia alikaa kochini kando ya Casilda tangu asubuhi, kandambili ndani ya mfuko, kwa kuwa alizileta bila kufikiri.

"Ningekuwepo," alikuwa anasema. "Lile kohozi ningelisikia. Mimi hulala sikio wazi. Kwa nini haikuwa Jumatatu, au hata kesho yake."

"Usiseme hivyo, dada."

"Ningekuwepo, Casilda."

Ilipokaribia saa ya chakula cha mchana chumba kilipungua watu, wakabaki wao wawili. Hapo ndipo Evaristo alipoingia, suti nyeusi, tai aliyofungiwa na dada yake kabla hajatoka. Alisimama mbele ya kioo kwa muda, akatikisa kichwa. Kisha akaja, akainama juu ya Casilda kana kwamba anampa pole, akamtia kitu mkononi akakifunikiza vidole vyake.

"Kwa ajili ya mazishi," alinong'ona. "Na kwa ile nyingine."

Ilikuwa bahasha. Casilda hakuhitaji kuifungua. Unene wa pesa hausahauliki, na hii ilikuwa nene. Labda aliuza saa alizoachiwa na baba yake, labda pesa alikuwa nazo siku zote. Zingekuja Juni zingekuwa zimelipia usiku wa Jumanne. Casilda alipoliwaza hilo alitaka kumpiga, mle ndani, mbele ya mumewe.

"Kaka, ni nini hicho?" Obdulia aliuliza. "Pesa? Umezitoa wapi?"

Casilda aliichukua bahasha akaiweka juu ya mapaja ya Obdulia, juu ya ule mfuko wa kandambili.

"Hii ni yako, dada," alisema. "Si yangu. Ni ya fleti ya ghorofa ya pili. Sisi tulilipa milioni kumi na moja, mimi na Leandro, tulizihesabu mezani kwa mikono yetu, na hatukuuliza yako iko wapi. Hilo ni langu, na utaniambia unachotaka kuniambia. Mengine atakueleza kaka yako."

Obdulia alimtazama yeye, kisha bahasha, kisha kaka yake. Hakuwa ameelewa bado. Ilionekana usoni kwamba anakaribia kuelewa.

"Casilda," Evaristo alisema. "Leo?"

"Leandro alisema siku hiyo hiyo."

Alisimama. Alimtazama mumewe nyuma ya kioo, amenyooshwa chali vile, jinsi ambavyo hawakumlaza hata siku moja kwa sababu ingemziba pumzi.

"Mimi nakwenda kunawa mikono," alisema.

Akafunga mlango nyuma yake. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na choo cha wanawake, akaingia, akafungua bomba. Ukuta ulikuwa mwembamba. Kwanza hakusikia kitu, kisha akasikia sauti ya Obdulia, ndogo, ikiuliza kiasi gani, na kimya, na tena, kiasi gani, Evaristo. Casilda alipaka sabuni mara ya pili. Alinawa mpaka vidole vikaingia baridi, na hakutoka.